Mafaili kwanza, Windows baadaye

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza:

“Shikamoo fundi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Ngamiani. Juzi jioni nilipozima laptopu yangu ya HP ikaanza apdeti yenyewe. Ilipofika asilimia thelathini na kitu umeme ukakatika. Betri yake ilishakufa zamani, naitumia kwa kuchomeka chaja tu. Tangu hapo nikiwasha inatoa nembo, vidoti vinazunguka, inaandika ‘Preparing Automatic Repair’, skrini inakuwa nyeusi, halafu inaanza upya. Fundi mmoja kaniambia dawa ni kupiga Windows mpya na vitu vyote vitafutika. Humo mna hesabu za kikoba chetu za miaka mitatu, barua na CV za wateja, na mitihani ya shule mbili niliyopewa nichape. Hakuna njia nyingine?”

Marahaba, binti yangu, na pole sana. Njia nyingine ipo, na kwa dalili ulizozitaja, hesabu za kikoba chenu karibu nina hakika bado zipo salama. Usimruhusu mtu yeyote apige Windows kabla mafaili hayajatoka na hujayaona kwa macho yako kwenye kompyuta nyingine. Hata ukiishia kupiga Windows mpya kweli, ukishatoa mafaili utakuwa umepoteza saa chache tu. Usipoyatoa, umepoteza miaka mitatu ya wenzako.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mashine inayotoa nembo na kuandika “Preparing Automatic Repair” imeshafanya kazi kubwa: ubao mama umeamka, diski imeonekana, na sehemu ya mwanzo ya Windows imesomeka. Kilichokwama ni mfumo wenyewe, ambao unakaa kwenye folda la C:\Windows. Kazi zako zinakaa kwingine, kwenye C:\Users, na sasisho la kawaida haliendi huko kugusa barua za watu.

Tena Windows haifuti cha zamani ndipo ilete kipya. Ni kama fundi seremala anayeng'oa mlango wa zamani na kuuegesha ukutani mpaka mpya ukae sawa. Mafaili ya toleo lililopita huwekwa kwenye folda liitwalo WinSxS, na kuna orodha inayoandikwa ya hatua zilizokwisha na zilizobaki. Umeme ukirudi, mfumo husoma orodha hiyo ukajaribu kuendelea, au ukarudisha ya zamani huku ukiandika “Undoing changes made to your computer”. Mara nyingi hujiokoa wenyewe. Unaposhindwa, basi ama orodha yenyewe iliharibika ikiwa inaandikwa, ama mpangilio wa mafaili kwenye diski uliachwa nusu, ama dreva moja, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani, ni mpya na mwenzake bado wa zamani. Hayo yote yana matengenezo yasiyohitaji kufuta kitu.

Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zilikataa kuwaka kwa siku moja kwa sababu ya sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Viwanja vya ndege vilisimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Zile zilizobaki zimekwama ziliamshwa kwa kuingia kwenye mazingira ya matengenezo, yale yale nitakayokupeleka, na kufuta faili moja lenye hitilafu. Kazi za watu hazikuguswa. Anayekuambia mashine iliyokwama kwenye sasisho haina dawa ila kufomati, anakuambia dawa aliyoizoea.

Sasa tuanze, na tuanze na umeme, kwa sababu ndio uliotufikisha hapa. Usifanye hatua hata moja ukitegemea soketi tupu ya kibandani. Azima UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, au peleka mashine kwa mwenye jenereta au sola ya kuaminika, au azima betri nzima ya modeli hiyo hiyo. Kisha angalia tundu la chaja. Hapa kwetu Tanga hewa ya bahari ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na tundu la chaja la mashine iliyokaa karibu na dirisha huota kutu ya kijani ndani. Washa, shika waya karibu na mashine, utikise kidogo. Taa ya chaji ikipepesa au ikizima, tengenezesha hapo kwanza, kwa sababu kwa mashine isiyo na betri kule kutikisika ni sawa na umeme kukatika tena.

Na hiyo betri iliyokufa, igeuze uitazame. Kama pedi ya kugusia imeinuka, au kifuniko cha chini kimetuna na hakilali sawa mezani, betri imevimba. Ikiwa ya kuchomoa nje, itoe leo. Ikiwa ya ndani, mpe fundi aitoe, na asiichokonoe kwa bisibisi. Betri ya lithiamu iliyotobolewa huwaka moto.

Chomoa kila kilichochomekwa: waya wa printa, modemu, flashi, kadi ya kamera. Sijui wangapi wamelipia matengenezo wakati mashine ilikuwa inajaribu kuanzia kwenye flashi ya mteja iliyosahaulika. Mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja, washa, uiache. Mashine yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kukaa saa mbili au tatu kwenye vidoti bila kuwa imekwama. Taa ndogo ya diski ikipepesa, kazi inaendelea. Ikijirudia ile ile nyeusi uliyoieleza, twende mbele.

Kwa HP, washa na papo hapo gonga F11 kwa kurudiarudia. Ikikataa, kuna njia inayofaa mashine karibu zote: washa, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, rudia tena, na mara ya tatu iache. Windows ikiona imeshindwa kuanza mara mbili mfululizo hufungua yenyewe skrini ya buluu yenye maneno “Advanced options” au “Troubleshoot”. Humo ndimo tunamotaka.

Kama hata humo haingii, itabidi flashi ya Windows. Kwenye kompyuta ya jirani pakua kifaa cha Microsoft kiitwacho Media Creation Tool, kwenye tovuti yao wenyewe, uandae flashi tupu ya GB 8 au zaidi. Upakuaji unazidi GB 4, kwa hiyo tafuta penye WiFi usije ukamaliza bando. Chomeka flashi, washa huku ukigonga Esc, kisha F9, uchague flashi hiyo. Hapa uwe macho: skrini itakayokuja inakualika usakinishe Windows. Usibofye “Install now”. Tafuta maandishi madogo “Repair your computer”, au “Repair my PC” kwa matoleo mapya zaidi. Utafika kwenye skrini ile ile ya buluu.

Huenda ukaombwa namba ndefu ya tarakimu 48. Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski. Mashine nyingi zenye Windows 11 hulifunga zenyewe siku ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft, mwenye mashine asijue. Usibahatishe. Chukua simu, ingia kwenye akaunti ile ile uliyoitumia kuanzisha laptopu, kupitia aka.ms/myrecoverykey, utaikuta namba yako. Kama aliyekuanzishia mashine alitumia akaunti yake, mtafute. Bila namba hiyo mafaili yaliyofungwa hayafunguki kwa fundi yeyote, awe wa Tanga au wa Marekani, na anayekuahidi vinginevyo usimwachie pesa.

Sasa mafaili. Fuata “Troubleshoot”, kisha “Advanced options”, kisha “Command Prompt”. Ikiuliza nywila, weka ya akaunti na siyo PIN. Kitafunguka kidirisha cheusi. Chomeka flashi tupu au diski ya nje, andika neno moja tu:

notepad

ubonyeze Enter. Litafunguka lile daftari dogo la Windows unalolijua. Bofya “File”, kisha “Open”. Mbele yako kuna kidirisha cha kuchagua faili, na hicho kidirisha kinaweza kunakili. Kwanza, chini kulia, badilisha “Text Documents” iwe “All Files”, la sivyo utaona mafolda matupu na moyo utakupasuka bure. Nenda “This PC”, fungua diski yenye folda la Users. Usishangae ikiwa herufi yake si C: humu herufi hubadilika, na yako inaweza kuwa D au E. Ingia kwenye folda lenye jina lako. Utaona Desktop, Documents, Downloads, Pictures. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, “Copy”, rudi This PC, ingia kwenye flashi, bofya kulia patupu, “Paste”.

Hapa wengi hukata tamaa, kwa hiyo sikiliza. Hakuna mstari wa kijani wa kukuonyesha imefika wapi. Kidirisha kinaganda kabisa, hata kipanya hakiitikiwi. Hakijafa, kinanakili. Kama flashi yako ina taa, itakuwa inapepesa. Iache. Ni bora unakili folda moja moja kuliko kubeba yote kwa mpigo, na uanze na lile lenye hesabu za kikoba. Usilisahau Downloads, kwani kwa kazi yako ya kibandani, kila kazi uliyotumiwa na mteja kwa WhatsApp ukaihifadhi bila kuihamisha inakaa humo.

Ukimaliza, peleka flashi kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili yenyewe. Kuona majina hakutoshi. Fungua hesabu za kikoba ushuke mpaka mstari wa mwisho ulioandika, fungua mtihani wenye michoro. Kisha nakili tena kwenye chombo cha pili. Baada ya hapo pumua.

Kama wakati wa kunakili diski inagonga “tak, tak, tak”, au faili dogo linachukua nusu saa, au mashine inazima, simama. Hapo tatizo limetoka kwenye sasisho limehamia kwenye diski yenyewe, na kila dakika inayozunguka inakula kilichobaki. Usiendeshe amri yoyote ya kurekebisha. Hiyo chkdsk nitakayoitaja chini huisumbua diski mgonjwa kupita kiasi. Mpe fundi mwenye uzoefu wa kuokoa data, mwambie anakili diski nzima kwanza kwenda diski nyingine, na matengenezo yote yafanyike kwenye ile nakala.

Kama diski haina ugonjwa, kurudisha Windows ni kazi nyepesi kuliko ulivyoogopeshwa. Rudi “Advanced options”, chagua “Uninstall Updates”, kisha “Uninstall latest quality update”. Hilo ndilo sasisho la kila mwezi, na kwa kisa chako ndilo ninalolishuku. Likikubali, washa upya, na huenda safari ikaishia hapo. Likikataa, jaribu “Startup Repair”. Ikikuambia imeshindwa, usichukulie kuwa ni hukumu. Ina orodha fupi ya mambo inayoyajua, basi.

Kisha rudi kwenye kidirisha cheusi. Nachukulia herufi ni C; kama yako ni D, badilisha kila mahali.

chkdsk C: /f

Hii inanyoosha mpangilio wa mafaili ulioachwa nusu. Iache imalize.

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kisa kama chako, na mafundi wengi hawaijui. Inauambia mfumo uache kazi zote za sasisho zilizokuwa zinasubiri. Inatumika kwa mashine iliyokataa kuwaka tu, usije ukaiendesha kwenye mashine inayowaka vizuri.

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Hii inakagua mafaili ya Windows moja moja na kubadilisha yaliyoharibika. Nafasi kati ya maneno ni sehemu ya amri, usiziruke. Ukimaliza, andika exit, washa upya.

Bado? Chagua “System Restore” kama kuna tarehe iliyohifadhiwa kabla ya juzi. Isipokuwepo, kuna “Reset this PC” yenye chaguo la “Keep my files”. Hiyo huweka Windows upya na kuyaacha mafaili yako, lakini programu ulizosakinisha zinaondoka, kwa hiyo hakikisha una namna ya kurudisha programu yako ya kuandikia na dreva za printa. Kupiga Windows mpya kabisa kunakuja baada ya hiyo, na ukifika huko mafaili yakiwa mfukoni, huna cha kuogopa.

Nigusie kidogo wenye mashine ambayo baada ya sasisho haitoi hata nembo: skrini nyeusi, feni inazunguka, taa ya Caps Lock inapepesa. Hiyo si Windows tena. Sasisho huweza kuja na BIOS mpya, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya ubao mama, na hiyo ikikatishwa mashine haijui hata diski iko wapi. Kwa HP nyingi, zima, shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, bonyeza cha kuwashia huku umeshikilia, usubiri. Kwa Dell nyingi, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, chomeka chaja. Mashine hutafuta nakala ya akiba ya BIOS. Ikishindikana, ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Mafaili hapo hayana hatia, diski inaweza kutolewa na kusomwa kwingine, isipokuwa kama ina lile kufuli la tarakimu 48, nayo namba ile ile italifungua.

Ukiamua kumpelekea fundi, sina ugomvi na mafundi wetu. Kupiga Windows huisha ndani ya saa moja, kutoa mafaili na kutafuta kosa huchukua siku nzima, na mteja anataka mashine leo jioni kwa bei ya chini. Kwa hiyo agiza na ulipie kazi unayoitaka. Mwambie: “Nataka utoe mafaili kwanza, unionyeshe, ndipo uendelee.” Andikeni hivyo kwenye karatasi ya kupokelea. Kaa pale wakati wa kunakili ikiwezekana, kwa sababu humo mna vyeti na vitambulisho vya wateja wako, na mitihani ambayo haijafanywa. Akibadilisha diski, ile ya zamani ni mali yako, ichukue. Na Windows iliyowashwa kwa kile kiprogramu cha kuvunja leseni uikatae, maana hujui kimeingia na nini.

Mashine ikirudi, usizime masasisho moja kwa moja, ingawa najua utashauriwa hivyo. Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu fulani. Mei mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilo hilo na kufunga mafaili ya watu duniani kote, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Kwa kibanda kinachochomeka flashi za kila mpita njia, hilo si jambo la mbali. Unachotakiwa ni kuchagua wewe saa ya kusasisha. Kwenye “Windows Update” kuna “Pause”, inayokupa mpaka wiki tano. Na jioni unapofunga, soma menyu kabla ya kubofya: kukiwa na sasisho linalosubiri utaona “Update and shut down” na “Shut down” peke yake. Chagua hiyo ya pili, na sasisho lifanye siku umeme umetulia na una muda wa kukaa nalo. Kama unatumia Windows 10, ujue masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo uliza kama mashine yako inakubali 11.

Pesa ya kwanza utakayopata, nunua betri. Laptopu yenye betri inayokaa hata dakika arobaini ingeubeba ule umeme wa juzi bila wewe kujua. Na hesabu za kikoba zikae sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye flashi iliyo nyumbani, na kwa mweka hazina mwenzako.

Ukifika hatua ikakugomea, piga picha ya skrini nzima ionekane ile namba ya kosa inayoanza na 0x au maneno ya herufi kubwa kama INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, uandike umefika amri ipi, unitumie. Usirudie amri ile ile mara nyingi ukisubiri.